Beseni la Mama Moliehi

Mama Moliehi alikuwa uani, nje kidogo ya Welkom, mji wa migodi, akisuuza shuka za jirani yake, pale maji ya beseni yalipoanza kujichora miduara. Miwili ya haraka, kisha mmoja wa kujikokota. Ndivyo mumewe Tšeliso alivyokuwa akibisha mlango akitoka kunywa pombe ya mtama, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza ni nani. Alizitoa shuka zisimsumbue.

Kampuni ilikuwa imeliziba shimo la dhahabu kwa zege tangu majira ya baridi. Ilisema wachimbaji wote walitoka, na kwamba Tšeliso, mmoja wao, amekimbilia Durban kwa mwanamke. Uongo mtupu. Mkewe alitaka jambo moja tu: atolewe kule chini, akazikwe kwao Mafeteng kama watu.

"Leo shemeji anabisha kwa nguvu," alisema Puleng, mwenye shuka.

"Ana njaa, huyo. Alipenda sima ya moto."

"Basi mwambie na shuka zangu zinangoja."

Maji hayakutulia tena, na Mama Moliehi naye hakukalika. Alilihamisha beseni jikoni, akalisukuma chini ya kitanda, akalirudisha uani. Mwishowe alijitwika kichwani, akalipeleka ofisini kwa kampuni bila kumwaga tone.

Mhandisi Mokhele, mtu wa heshima, alimpisha nafasi mezani. Punde chai yake nayo ikaanza: miwili ya haraka, mmoja wa kujikokota.

"Ni kweli, mama. Hili ni wimbi, na linatoka chini kabisa."

"Basi fungueni, mwanangu."

Mokhele alidondosha kijiti cha kiberiti majini. Kilipanda, kikashuka, kikabaki palepale.

"Unaona? Wimbi linapita tu, halibebi kitu. Wewe umetuletea wimbi. Kampuni inataka mtu, ndipo ifungue."

Akampa sponji ya kuweka chini ya beseni, ili maji yatulie.

Ilikuwa sponji nzuri. Nyumbani alimwogeshea binti yake Moliehi. Kisha akachovya kidole majini, akabisha vilevile. Miduara yake ikakutana na ya mumewe katikati, ikapenyana, kila mmoja ukaenda zake hadi ukingoni.

Puleng alipofuata shuka zake, alikuta sahani ya sima kando ya beseni, imepoa.

"Bado anabisha?"

"Anabisha. Na wenye mlango wamemsikia."