Gari la Nitro la Baba Koku

Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo Deodatha anamenya ebitoke, ndizi za kupika, nyuma ya nyumba huku akimsikiliza mume wake akivuta kamba. Krrrr. Kimya. Krrrr. Kimya. Halafu sauti ya Novatus akiligombeza gari kama mtu anayemgombeza kibarua aliyechelewa kazini, halafu tena krrrr.

Gari lenyewe lilikuwa lori dogo la rimoti, refu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidole, lenye matairi manene na bodi ya plastiki ya bluu. Halikuwa kama yale ya betri yanayouzwa madukani wakati wa Krismasi. Hili lilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama yai, yenye kabureta, plagi na bomba la moshi, na lilitumia mafuta yake maalumu ya nitro, ya rangi ya waridi, ambayo hayapatikani Rubwera wala Kayanga, na Bukoba nako Novatus alipiga simu kila duka la vipuri akaishia kuchekwa. Alikuwa na galoni moja tu. Alilinunua gari hilo Dodoma kwa mhandisi aliyekuwa anarudi kwao, likiwa bado ndani ya boksi, na kwa kuwa mabasi yalikataa kubeba mafuta, galoni ilisafiri juu ya lori la rafiki yake kupitia Biharamulo.

“Ni burudani ya familia,” alisema siku aliyolileta. “Mimi, wewe na Koku. Kila wikiendi tunatoka nje, tunaachana na simu.”

Novatus alikuwa amefanya kazi Dodoma miaka minne, akija nyumbani Pasaka na Krismasi, na mara nyingine Krismasi peke yake. Alipoondoka, binti yao Kokugonza alikuwa darasa la tano, bado anaogopa bata. Aliporudi Januari, baada ya kuhamishiwa ofisi za wilaya hapa Kyerwa, alimkuta yuko kidato cha pili, mrefu kuliko mama yake, msichana wa kujibu “ndiyo baba” na “hapana baba” kisha kuingia chumbani. Kwa hiyo gari lilipofunguliwa na Koku akatoka chumbani mwenyewe, akachukua kitabu cha maelekezo na kuketi nacho kizingitini, Deodatha alijiambia labda mume wake safari hii amepatia.

Hilo lilikuwa wiki tatu zilizopita.

“Baba,” Koku alikuwa anasema sasa, kitabu kikiwa magotini, “hapa wanasema ukivuta sana bila kuwaka, mafuta yanajaa ndani ya injini. Inabidi utoe plagi, uligeuze gari juu chini, uvute kamba yatoke.”

“Ngoja kwanza.”

“Na wanasema skrubu ya kabureta usiiguse. Imeshapimwa kiwandani.”

“Koku, mwanangu, nimeendesha pikipiki tangu hujazaliwa. Kabureta ni kabureta.” Akaizungusha skrubu kwa bisibisi, kwanza kulia, kisha kushoto, kisha akasahau alikuwa wapi.

Krrrr. Kamba ikagoma katikati. Injini ilikuwa imejaa mafuta mpaka haisogei.

Koku alifunga kitabu. Hakukitupa. Alikiweka kizingitini taratibu, akainuka, akaingia ndani. Deodatha aliyaona hayo yote kupitia mlango wa nyuma, na kisu kikamteleza kikamkata kidole gumba.

Aliingia jikoni kutafuta kitambaa. Juu ya meza, kando ya jagi la maji ya kunywa, palikuwa na chupa ya juisi iliyojaa kitu cha rangi ya waridi.

Deodatha alikuwa mtaalamu wa maabara. Miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kazi na vimiminika vyenye lebo, na mafuta haya alikuwa amesoma maandishi yake siku ya kwanza: methanoli. Alijua methanoli inafanya nini kwa macho ya mtu, na kwamba haihitaji nyingi. Aliibeba ile chupa kwa mikono miwili mpaka uani, akaiweka chini mbele ya mume wake.

“Hii ni nini?”

“Aa, nimepunguza kidogo. Galoni ni nzito kumiminia.”

“Ndani ya chupa ya juisi? Juu ya meza yangu?”

“Nilikuwa naitoa sasa hivi, Mama Koku.”

“Kwenye galoni uliyatoaje?”

“Kwa mpira.”

“Ukavuta kwa mdomo.”

“Nilitema.”

Deodatha alisimama pale, damu ikimtoka kidoleni. Alichukua chupa na galoni, akavifungia stoo, akatia ufunguo mfukoni. “Kuanzia leo,” alisema, “mafuta ya kitu hiki namimina mimi. Na glavu nitavaa. Na wewe nenda ukasukutue.”

Jumamosi iliyofuata, mafuta yaliyojaa ndani ya injini yakiwa yamekauka, gari liliwaka.

Lilipasua hewa kwa mlio mkali, kama msumeno wa kukatia magogo uliokasirika, moshi mweupe ukatanda, kuku wakatawanyika, na Novatus akapiga kelele ya furaha ambayo Deodatha hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi yao. Hata Koku alikuja mbio.

“Baba, usilikimbize!” alisema. “Ni jipya! Tangi la kwanza liungurume tu limesimama, halafu matangi manne ya mwendo wa polepole. Na betri za ndani za kupokelea rimoti bado hatujabadilisha, zile zile za tangu—”

“Nalijaribu kidogo tu,” alisema Novatus, akabana rimoti hadi mwisho.

Gari liliruka. Lilivuka uani kwa mwendo ambao hakuna aliyeutegemea, likapita chini ya nguo zilizoanikwa, likapenya uzio wa miyenzi, yaani minyaa, kana kwamba haupo. “Limekataa!” Novatus alisema, akibonyeza na kuzungusha. “Halisikii! Koku, halisikii!” Betri zilikuwa zimekwisha nguvu, gari lilikuwa haliongozwi tena na mtu yeyote.

Upande wa pili wa uzio, jirani yao Gloriose, Mama Mahoro, alikuwa ameanika maharage yake juu ya turubai, mavuno ya msimu mzima. Deodatha alifika uzioni kwa wakati wa kuona gari likipanda turubai, likizunguka mara mbili katikati ya maharage, likayarusha huku na huko, kisha likapinduka na kulala chali, matairi yakizunguka kwa ghadhabu na bomba likitapika mafuta meusi.

Gloriose, aliyekuwa anapepeta pembeni, alisimama na ungo wake mkononi. Novatus bado alikuwa anabonyeza rimoti. Aliyemaliza shauri ni Koku: alipita uzioni bila kujali utomvu wa miyenzi, akavua kandambili moja, akaliinua gari kwa ubavu na kukandamiza kandambili kwenye tundu la moshi. Injini ikakohoa, ikafa.

“Shikamoo, mama,” Koku alimwambia Gloriose, akihema.

“Marahaba, mwanangu,” alisema Gloriose. Kisha akamtazama Novatus, aliyekuwa anapita uzioni kwa shida. “Baba Koku. Hicho ni nini kimeingia kwangu?”

“Samahani sana, Mama Mahoro. Ni gari la kuchezea. Limepoteza mawasiliano.”

“Halijapoteza kitu. Mtoto alikuwa anakuambia. Mimi nilikuwa hapa napepeta, nilimsikia. Kila Jumamosi namsikia, baba hivi, baba vile. Kwa nini humsikilizi?”

Novatus aliweka rimoti chini, akaanza kuokota maharage.

Walikaa pale mpaka jua likashuka, wote wanne wamepiga magoti kuzunguka turubai, wakichambua maharage yaliyolowa mafuta, moja moja. Deodatha hakukubali hata punje moja yenye harufu ibaki; alizichukua zote akazimwaga mbali, na akamletea Gloriose debe la maharage kutoka stoo yake mwenyewe. Gloriose alisema si lazima. Deodatha alisema ni lazima. Koku alichambua upande wa mama yake, mgongo kauelekeza kwa baba.

Waliporudi nyumbani Deodatha alimfuata mume wake kwenye banda, alikokuwa anapangusa gari kwa kitambaa.

“Nimechoka, Novatus,” alisema. Hakumwita Baba Koku. “Si kwa kelele wala moshi. Miaka minne nimemwambia huyu mtoto baba yako atarudi, baba yako atakusikiliza. Umerudi. Amesoma kitabu kizima, cha Kiingereza, kurasa arobaini, ili apate cha kuongea na wewe. Na wewe unamwambia ngoja. Angoje mpaka lini? Aolewe?”

Novatus alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa mkononi, akitazama matairi. “Nilidhani nikiliwasha mimi,” alisema, “ataona baba yake anaweza kitu.”

“Hajakuuliza kama unaweza.”

Kesho yake, walipotoka misani, Novatus alibisha mlango wa chumba cha binti yake. Deodatha, aliyekuwa ukumbini akijifanya anakunja nguo, alisikia kila kitu.

“Koku. Nataka unifundishe lile gari.”

Mlango ulifunguka.

“Mimi nitashika rimoti,” Koku alisema.

“Sawa.”

“Na bisibisi nakaa nayo mimi.”

Hapa Novatus alisita kidogo. “Sawa.”

Waliliweka gari na kila kitu chake kwenye pikapu yao kuukuu, wakaenda Kibingo, kwenye uwanja wa shule uliokuwa mtupu siku hiyo. Koku alitia betri mpya, za rimoti na za gari. Aliirudisha skrubu ya kabureta kama kitabu kilivyosema, akihesabu mizunguko kwa sauti. Deodatha, na glavu zake, alijaza tangi. Novatus aliruhusiwa kuvuta kamba, mara tatu fupi, na gari likawaka.

Halafu ikawa kazi ya kuchosha kuliko zote alizowahi kuziona Deodatha. Tangi la kwanza lilimalizika gari likiwa juu ya jiwe, linaunguruma, haliendi popote. Wakangoja lipoe. Tangi la pili, Koku aliliendesha kwa mwendo wa konokono, nenda, simama, nenda, simama. Wakangoja lipoe. Novatus alizunguka uwanja na mikono nyuma. Mara mbili alisogea karibu na rimoti, mara mbili akajirudisha. Katika tangi la tatu plagi iliungua, na ya akiba ilikuwa moja tu, na pete yake ndogo ya chuma ikadondoka nyasini wakaitafuta nusu saa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Rwanda, na chakula kilikuwa hakijapikwa.

“Tumeshakula Jumapili nzima kwa mdudu huyu,” Deodatha alisema. “Twendeni.”

“Bado matangi mawili, mama,” alisema Koku.

“Mawili tu,” alisema Novatus.

Aliwatazama wote wawili, mafuta puani, mavumbi hadi nywele, wakimkazia macho yale yale. Alivaa glavu zake.

Tangi la tano lilipoisha mvua ilikuwa inaanza. Hawakuwa na muda wa kulikimbiza hata mara moja. Waliingia pikapu wamelowa, gari likiwa mapajani mwa Deodatha, likimchafulia gauni la misa, na Koku akaketi katikati, akaanza kumweleza baba yake kwa nini injini haitakiwi kupata mafuta machache mno, na jinsi ya kusoma rangi ya plagi. Aliongea hivyo mpaka nyumbani Rubwera. Kichwa kilimuuma Deodatha kwa harufu na maneno, na hakuelewa hata nusu. Novatus aliuliza maswali, akasubiri majibu, akauliza mengine.

“Jumamosi,” Koku alisema walipofika, “tunalikimbiza kweli. Nitakuachia robo tangi.”

“Robo?” alisema Novatus.

“Robo, baba. Tukiona umejifunza, tutaongeza.”