Wifi wa Marehemu

Muuaji anaingia kitabuni ukurasa wa mia tatu themanini na moja. Kitabu kina kurasa mia nne. Hilo ndilo tatizo, nami sikulijua nilipoyaweka dau masharubu yangu.

Kitabu nilipewa na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, karani wa mahakama anayesoma kama anayetafuna njugu. Alikuja karakana kuchukua stuli yake, akakitupa juu ya meza ya kurandia.

"Shemeji, tajiri ameuawa humu. Ukimtaja muuaji kabla ya sura ya mwisho, nitakuita profesa mbele ya ukoo mzima."

"Nisipomtaja?"

"Unanyoa hayo mafagio."

Masharubu yangu yana miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la sita, na yeye hulikumbuka hilo kila tukikaa mezani. Nikamwambia, "Lete mkono."

Kurasa za mwanzo nilizisoma kwa jasho. Watu kumi na saba, bastola mbili, funguo nne, mtunza bustani mwenye jina la bandia, daktari wa familia, na jirani aliyekuwa kiziwi siku za Jumanne tu. Niliwaandika wote kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Kila aliyethibitika kuwa alikuwa kwingine, nikamfuta kwa msasa.

Halafu, ukurasa wa mia mbili na sita, nikaruka kitini. Kwenye koti la marehemu askari wamekuta barua: "Njoo stoo saa kumi. Mimi, wifi yako."

Wifi! Mwanamume ana wifi tangu lini? Mwanamume ana shemeji. Mwenye wifi ni mwanamke! Basi barua aliandikiwa mke wa marehemu, na wifi wa mke huyo ni nani kama si dada wa marehemu, yule aliyelia kuliko wote mazishini? Marehemu aliiokota, akaenda stoo kuchungulia, akakutana na kifo chake. Askari wa kitabuni bado wanapima nyayo za mbwa, mimi fundi mbao nimeshamkamata mtu!

Kwa furaha ile nikashika msumeno, nikakata mlango wa kabati la mteja, sentimita nne pungufu. Sikujali. Nikapiga simu.

"Dada wa marehemu!"

"Una uhakika, shemeji?"

"Andika! Piga na muhuri!"

Akacheka. Nikadhani anacheka kwa uchungu.

Siku zilizobaki nilitembea kama bwana harusi. Nilimsimulia mke wangu, muuza misumari, hata mteja wa mlango mfupi. Yeye alikuja na matusi tayari mdomoni, lakini nilipofika kwenye barua akavuta stuli, akauliza, "Na mke naye alijua?"

Jumamosi mchana nikasoma sura za mwisho kwa sauti, sebuleni, shemeji yupo. Muuaji ni pacha wa daktari. Pacha! Alikuwa ng'ambo, akaja kwa siri, akaua, akaondoka, na sasa amerudi kukiri. Na barua? Aliiandika yeye, akijifanya mke wa kaka wa marehemu, ili amvute stoo.

"Mke wa kaka yangu ni shemeji yangu!" nikapiga meza. "Huyu mwandishi hana ndugu? Hajawahi kwenda harusini?"

Shemeji alikuwa amejikunja kwa kicheko. "Hata mimi nilimshika dada huyohuyo, kwa barua hiyohiyo."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi!"

"Sahihi kabisa. Kitabu ndicho kimekosea. Lakini tulipatana muuaji wa kitabuni, shemeji, si wako."

Mke wangu alikuwa ameshaleta wembe na sabuni. "Baba watoto, sogea kwenye mwanga."

Siku kumi na moja za kusoma. Mlango mmoja wa kabati. Masharubu ya miaka kumi na tisa, dakika nne.