Nikumbushe Baadaye

Siku hizi simu zinajisasisha zenyewe, haziulizi mtu. Kompyuta ya darasa letu la jioni, pale Tibirinzi, ilikuwa na adabu. Iliuliza: Sasisha sasa, au nikumbushe baadaye? Nami kila mara nilisema bismillahi, nikabonyeza baadaye.

Mpaka jioni ile Mwalimu Msellem akasimama nyuma yangu.

"Bi Time, leo baadaye imekwisha. Programu ya mtihani haiukubali mfumo mkongwe huu."

Mtihani ule wa kumalizia darasa nilikuwa nikiuombea katika kila sijida, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu. Lakini ndani ya mashine ile alikuwamo mume wangu, Ngwali, muadhini wa msikiti wa jirani. Mwaka mmoja kabla hajafariki alikuja kunichukua, akawakuta wenzangu wa darasa wanajaribu kipaza sauti. Wakamwambia aseme lolote. Akakohoa, akaadhini. Programu iliyomrekodi ilikwisha kuachwa na walioitengeneza, na tulipojaribu kuihamisha sauti yake, tulisikia mikwaruzo tu.

"Ukisasisha, atanyamaza," nikasema.

"Mwenzetu kaolewa na kompyuta!" akacheka Mize, jirani yangu wa benchi. Kisha akaniona uso, akanishika mkono.

Msellem alikaa kitako, akaivuta kibodi.

"Basi mfumo tuuache ulivyo," akasema. "Programu mpya nitaitengea chumba chake, iingie na vyombo vyake, isiguse vya mwenyeji. Lakini mashine imechoka hii. Huenda tukakosa vyote viwili."

"Fanya, mwanangu."

Nikaleta uradi wa Ya Latifu mpaka midomo ikakauka. Programu ya mtihani ilifunguka, Mize akapiga kigelegele. Mimi sikuweza. Nilikipeleka kidole kwenye faili la zamani.

Kikohozi. Kisha Ngwali akaadhini, sauti yake ikakijaza chumba, ikatoka dirishani.

Uani, Mzee Jaribu, mlinzi wetu, alikurupuka akaufungulia mfereji wa maji. Punde akachungulia mlangoni, ndevu zikidondoka maji.

"Mbona adhana ya isha mapema hivi?"

"Bado, Mzee Jaribu. Huyo ni Ngwali."

Akasimama, mikono ya kanzu imekunjwa. Nikanyoosha mkono nizime.

"Miye nshatia udhu," akasema. "Mwache amalize."