Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu ya wiki ya harusi, Mzee Sentimita aliamka na ule uzito wake wa zamani umemkalia kifuani. Aliujua kama mtu anavyomjua mgeni asiyepiga hodi, na siku hizi hakugombana nao. Alipeleka mkono chini ya mto akatoa furushi la karatasi.

Mwaka uliopita alilala wiki sita akitazama dari, huku mtaa mzima ukiambiwa kwamba fundi wao wa nguo anaumwa mgongo. Mshauri wa zahanati ndiye aliyempa jina la ugonjwa wenyewe: sonona. Unatibika, akasema, na pamoja na vidonge, ajaribu kuigawa siku vipande vipande. Mzee akacheka, na hakuwa amecheka tangu alipolala. Miaka thelathini analishwa na kugawa vitu vipande, leo anafundishwa zahanati! Akarudi dukani, akachukua karatasi ngumu anazochorea vipimo, akaikata siku yake kama anavyokata koti. Kipande cha kwanza aliandika Keti. Cha pili, Oga. Cha tatu, Kunywa chai hata kama haina ladha. Kisha vidonge, kisha Fungua mlango wa duka, hadi jioni. Siku njema furushi lilikaa chini ya mto. Siku nzito alifanya kipande kimoja, akakiweka kando, akashika kinachofuata. Hakuna koti linaloshonwa kwa mkupuo.

Ila nyuma ya karatasi ya mwisho aliandika sharti lake mwenyewe: siku nzito pinda, fumua, piga pasi, lakini usikate. Nguo iliyoshonwa vibaya hufumuliwa. Iliyokatwa vibaya ndiyo basi tena.

Na leo ilikuwa siku ya kukata gauni la harusi la kitinda mimba wake. Harusi Jumamosi, lisipokatwa leo halitawahi.

"Leo ni siku ya karatasi?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Ya karatasi."

"Basi ile ya kuoga usiiruke, mume wangu. Hizo nyingine tutaelewana."

Mzee akaguna, na mguno wenyewe ulikuwa nusu kicheko. "Sasa nitakataje?"

"Mkubwa atapita dukani asubuhi hii. Mwambie ukweli akusaidie. Mimi umeniapisha mwaka mzima, nimechoka. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Huyo mkubwa alikuwa binti yake wa kwanza, aliyeolewa mwaka ule wa dari. Kitambaa chake cha satini kilikuwa kipimo kamili, hakina hata shubiri ya ziada. Baba alikikata, kisha akasema neno moja, "Sishoni," akageukia ukutani. Binti akaolewa na gauni la kukodi lililobanwa pini mgongoni. Akaamini baba amemkataa mumewe kwa kuwa ni fundi bomba, na tangu hapo akawa anamwamkia kama anavyomwamkia karani wa dirishani.

Saa tatu binti alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kuchukua kitambaa. Mdogo wangu anaogopa kukuambia, mimi siogopi. Nimempatia fundi mwingine. Sitaki afanyiwe kama mimi."

Tuseme kweli: Mzee alitamani kumpa. Angekabidhi bunda lile, angefunga mlango, angerudi kwenye dari yake, na hakuna ambaye angeshangaa. Lakini alijua kwamba kitambaa kile kikitoka, binti huyu atatoka nacho moja kwa moja. Akafungua mtoto wa meza wa chini kabisa, akatoa kitu kilichozongwa kwenye gazeti.

"Hivi ni vipande vya gauni lako. Fungua."

Ilikuwa mikono miwili ya gauni, satini nyeupe. Binti alikulia chini ya meza ile akiokota pini, hakuhitaji kuelezwa. Akailaza sambamba, akageuza mmoja, ukatokea upande usiong'aa. Akaurudisha.

"Yote ya kushoto," alisema.

"Yote. Nilikata wa kwanza, nikasahau kugeuza karatasi, nikakata wa pili. Hata mwanafunzi wa wiki moja hafanyi hivyo. Sikuwa naumwa mgongo, mwanangu. Ni sonona. Kikombe cha chai kilinishinda kukiinua. Na mumeo sijamkataa hata siku moja. Nampenda yule. Katika ukoo huu ni yeye peke yake anayenisikiliza nikieleza habari za vifungo."

Binti alikaa kwenye kiti cha wateja. "Mwaka mzima, baba! Kwa nini hukusema?"

"Niliona afadhali uniite mkaidi kuliko uniite fundi mbovu."

Alicheka huku machozi yanamtoka, akamtukana kidogo, matusi ya heshima ambayo mtoto anaruhusiwa. Kisha akauliza, "Na leo?"

Mzee akaweka furushi mezani. "Leo ugonjwa umenirudia. Nimeoga, nimekunywa chai, nimefungua mlango, nimefika hapa. Gauni nalijua kichwani mwangu lote. Ila siku kama hii sikati peke yangu. Nishikie kitambaa, na kabla sijatia mkasi uniulize kama nimegeuza."

Binti akatoa simu. "Samahani, fundi. Kitambaa kimepata mwenyewe." Akakunja mikono ya blauzi.

Walikata kifua, wakakata mgongo, wakakata sketi ndefu iliyomwagika hadi sakafuni. Uzito ulikuwepo bado, haukwenda popote. Mzee alifanya kazi nao begani. Walipofika kwenye mikono, wa kwanza ulitoka safi. Akalaza karatasi kwa ajili ya wa pili, akapiga chaki, akashika mkasi.

"Umegeuza, baba?"

"Nime..." Akatazama. Hakuwa amegeuza.

Mkasi ulibaki hewani. Mwaka jana angeanguka palepale. Leo aliuweka chini, akageuza karatasi, akafuta chaki, akachora upya.

"Sasa nimegeuza," alisema, akashika tena mkasi.

Mikono miwili ikalala mezani ikitazamana, wa kulia na wa kushoto. Mzee akaikagua mara mbili, akaridhika, akaanza kuimba kwa pua kama zamani. Binti alikuwa ameinama pembeni anaandika. Alikuwa amekata kipande cha karatasi ngumu, nacho akakichomeka kwenye furushi, mbele kabisa, kabla hata ya Keti.

Mzee akakivuta akasoma. Kiliandikwa Niite.

"Hiki nacho ni cha siku nzito?"

"Hata nyepesi," binti alisema, akazoa mikono yake miwili ya kushoto akaitia mkobani, akamwonyeshe mumewe.