Meno ya Halfa Oyjamol

Nimempigia dufu Oyjamol miaka ishirini na sita. Kwetu mjini Urganch halfa ndiye anayeimba kwenye sherehe za wanawake. Bila yeye bibi harusi hatoki chumbani. Oyjamol alikuwa halfa ambaye watu walisogeza tarehe ya harusi ili wampate.

Mwaka juzi ufizi wake wa juu ukaanza kuvimba na kutoa damu. Mwanawe Ulmas akampeleka kwa Daktari Hamdam, aliyesoma naye darasa moja. Hamdam akamfunua mdomo, akatikisa jino moja, akatikisa la pili, kisha wakatoka nje na Ulmas. Waliporudi, habari ilikuwa imekwisha: meno saba yaliyobaki juu yote yang'olewe, awekewe meno bandia. Oyjamol akadhani hakuna njia nyingine. Nani angemwambia?

Yale meno yalikaa kwenye bamba la plastiki ya waridi lililofunika kaakaa lote. Chai aliisikia joto kooni tu. Herufi zikaanza kupiga mluzi. Hamdam akasema atazoea.

Hakuzoea. Kwenye harusi moja huko Honka alikuwa katika ile sauti ndefu, ile inayowaliza kina mama, bamba likabanduka. Meno yakatoka, yakaanguka juu ya akodioni aliyokuwa ameipakata. Kisha msichana mmoja akacheka, na chumba kizima kikafuata. Mimi nilipiga dufu kwa nguvu kufunika kicheko. Sikufaulu.

Asubuhi yake mgeni mmoja wa harusi ile, mwanamke wa Nukus, alimpigia Oyjamol simu kumpa pole. "Dada yangu naye alikuwa kibogoyo juu kote," akasema, "lakini yake yameshikizwa kwa skrubu kwenye mfupa. Wewe hawakukuambia?"

Oyjamol alivuka ua akamkuta Ulmas akinywa chai. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Kuna meno ya skrubu?"

"Yapo, mama."

"Ulijua?"

"Hamdam alinieleza njia zote. Nikachagua iliyo rahisi kwako."

"Ukachagua wewe."

"Mama, una miaka sitini na tatu. Upasuaji wa nini? Fedha si tatizo, ungetaka ningelipa. Lakini kwa umri huu meno ni ya kutafunia mkate tu."

Oyjamol alitoa yale meno mdomoni akamrushia. Yalipita kando ya sikio la Ulmas, yakagonga ukuta.

"Mbuzi wa sokoni ndiye anayefunuliwa mdomo wanunuzi wakizungumza juu ya kichwa chake!" Bila meno maneno yalitoka na mate, na hakujali. "Nimekulisha kwa mdomo huu! Shule yako imetoka kwenye mdomo huu! Leo unaniambia ni wa mkate?"

Siku hiyo hiyo tukaenda kwa Hamdam. Ulmas alitufuata, amenywea. Hamdam alipoona meno yaliyovunjika akamgeukia Ulmas. "Bamba hilo linatengenezeka, kaka. Mwambie mama awe anatia gundi."

Oyjamol akapiga meza kwa kiganja, vyombo vikaruka. "Mama yuko hapa! Masikio hukuyang'oa! Niambie mimi."

"Mama, usipandishe presha..."

"Uliniuliza kazi yangu?"

Hamdam akaanza kupanga vyombo upya. Hakuwa amemuuliza.

"Nipe picha zangu za taya. Zote."

Picha zile tulimpelekea daktari mwanamke upande wa pili wa mji, Zulhumor. Ulmas alitaka kuingia. Mama yake akamfungia mlango usoni. Zulhumor alivuta kiti akakaa uso kwa uso naye, akaweka mifano ya taya mapajani.

"Halfa, njia ziko tatu," akasema. "Ya kwanza ni bamba la kuvaa na kuvua, kama lako. Halihitaji upasuaji, lakini mfupa chini yake huendelea kuisha, kwa hiyo kila mwaka linalegea zaidi. Ya pili, tunatia skrubu nne kwenye mfupa, na meno yanabanwa juu yake. Unayavua mwenyewe kuyasafisha, na kaakaa linabaki wazi. Ya tatu ni meno yaliyofungwa moja kwa moja juu ya skrubu, huyavui. Lakini nyuma mfupa wako ni mwembamba, ingebidi kwanza tuujaze. Upasuaji mara mbili au tatu."

"Kaakaa wazi, nitaimba?"

"Utaimba. Siwezi kukuahidi sauti ile ile. Na kwa kuwa umesema una kisukari, lazima sukari ishuke kwanza, la sivyo mfupa hautashika skrubu. Kisha miezi kama sita ya kungoja."

"Ya pili," akasema Oyjamol. Kisha akauliza jambo nililokuwa nikiliogopa. "Yale saba. Yote yalikuwa yamekufa?"

Zulhumor aliishika picha ya zamani kwenye mwanga kwa muda mrefu. "Matano, ndiyo. Mawili ya mbele huenda yangetibika. Siwezi kuapa."

Oyjamol hakulia. Aliichukua picha ile akaitia mkobani.

Miezi tisa ilipita. Aliacha sukari na halwa, akachomwa ganzi, akatiwa skrubu, akala uji wa mchele. Mara ya kwanza alipoimba tena, sauti ilikuwa imekwaruza kidogo upande wa juu, na kina mama walilia vilevile. Baada ya wimbo hakuinuka. Akawaambia wanawake wote mle chumbani njia ni ngapi, moja baada ya nyingine, na akataja kwa jina daktari aliyemficha njia hizo. Akafanya hivyo harusi iliyofuata, na iliyofuata. Siku hizi bibi vizee wanaingia kwa Hamdam na maswali kabla hawajafungua mdomo.

Wiki iliyopita Ulmas alikuja ukumbini kwake akiwa ameshika kofia.

"Mama, Hamdam analalamika. Anasema unamharibia kazi."

"Aje aniambie mwenyewe."

"Na mimi je? Utaninunia mpaka lini?"

"Umeniomba radhi?"

Ulmas akaanza kueleza jinsi alivyokuwa na nia njema. Oyjamol akanigeukia. "Chukua dufu, Bikajon. Tunachelewa."

Tulimwacha bado anaeleza.