Mwenzako Anaumwa Nini?

Fomu arobaini zilirudi, na zote arobaini zilisema wanaume wa kiwanda kile cha mageti hawaumwi. Hawaumwi mgongo, hawakosi usingizi, hawana hofu, machozi hawayajui. Mmoja, palipoulizwa mara ya mwisho alikwenda hospitali lini, aliandika: "Nilipozaliwa."

Mtafiti alizisoma mezani kwake chuoni, akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Kabla ya kurudi kusomea saikolojia alikuwa muuguzi miaka kumi na mmoja katika wodi ya wanaume, na waliokuja mapema aliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi waliletwa wamebebwa, wake zao nyuma wakisema, "Alikuwa anasema ni uchovu tu."

"Achana nao," profesa aliyemsimamia alimwambia. "Wamekufanyia mzaha. Tafuta kiwanda kingine."

"Walijaza wamekaa pamoja, Profesa, kila mtu anachungulia fomu ya jirani yake. Wangejibu nini kingine? Kosa ni langu. Nipe mwezi mmoja."

"Wiki mbili."

Akazichukua hizo hizo.

Safari hii hakugawa fomu. Aliomba stoo, akapanga viti viwili katikati ya marundo ya nondo, akawaita mafundi mmoja mmoja. Aliwaahidi kwamba ya stoo yataishia stoo. Swali lilikuwa moja tu: "Sikuulizi habari zako. Mwenzako unayemhofia hapa kazini anaumwa nini? Jina usitaje."

Siku ya kwanza walimtania mpaka basi. "Dada, mwenzangu anaumwa mapenzi!" Siku ya pili akaingia mkata vyuma, pande la mtu, mropokaji kuliko wote. Alikuna kidevu kwanza.

"Yupo mmoja," alisema. "Kutwa chooni. Juzi nimeingia baada yake, nikakuta damu."

"Mmemuuliza?"

"Nani amuulize? Yeye ndiye anayetuuliza sisi."

Baada yake fundi wa rangi akaeleza yale yale. Kufikia Alhamisi watu saba walikuwa wamemsimulia mgonjwa mmoja, kila mtu akidhani ni yeye peke yake aliyegundua. Mtafiti hakuhitaji jina. Anayewauliza wenzake alikuwa mmoja tu: fundi mkuu, ambaye wote walimwita Chuma, kwa kuwa katika miaka ishirini hakuwahi kukosa kufika kazini hata siku moja.

Kumwambia kungekuwa kuwasaliti wale saba. Kunyamaza hakungewezekana, wodi ilikuwa bado kichwani mwake. Lakini Chuma naye alikuwa kwenye orodha, wa mwisho kabisa. Mtafiti akamsogeza awe wa kwanza Ijumaa asubuhi, akamuuliza swali lile lile, bila kuongeza neno.

Chuma alitazama mlango. "Yupo mmoja," alisema hatimaye. "Anakojoa damu. Mwezi wa nne sasa."

"Anasikia maumivu?"

"Hapana. Ndiyo maana nasema... ndiyo maana anasema si kitu."

"Mwambie damu ya namna hiyo haisubiri, hata kama haiumi."

"Na akikutwa na ule ugonjwa mkubwa?"

"Heri ukutwe sasa. Mimi nimeuona ukikutwa umechelewa."

Huko nje mashine ya kusaga chuma ilikuwa ikilia. Mtafiti aliiacha ilie. Ilipotulia akauliza, "Wewe ukiwa rafiki yake kweli, utamfanyia nini?"

"Nitamkwida shati mpaka kwa daktari."

"Lini?"

Chuma akasimama. Alitoka hadi katikati ya kiwanda, akavua glavu, akamwita mkata vyuma kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Washa pikipiki. Unanipeleka hospitali."

Hakuna aliyecheka.

Madaktari walimkuta na uvimbe kwenye kibofu, bado mdogo, wakautoa. Profesa alisoma maandishi ya wale waliohojiwa stoo, akayasoma tena, akaongeza muda hadi mwisho wa mwaka bila kuombwa.

Wiki ya sita Chuma alirudi kazini, amekonda, amri zake zile zile. Aliwakusanya mafundi wote mbele ya stoo, mtafiti naye akiwepo.

"Miezi minne nilikuwa nawafokea mvae miwani," alisema, "na huku mimi nakojoa damu na kunyamaza. Ujinga ule sitaki kuuona hapa tena. Mtu akificha ugonjwa, namtoa kwenye zamu mwenyewe."

Mkata vyuma akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Mgongo nao unahesabiwa?"

"Unahesabiwa."

"Na mtu kutolala?" aliuliza fundi wa rangi, akiangalia viatu vyake.

Chuma akamgeukia mtafiti. Yeye alikuwa ameshafungua mlango wa stoo, anavuta viti.

"Kunahesabiwa," mtafiti alisema. "Anza wewe."