Koili za Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu aliteleza bafuni akavunjika mkono, tena wa kulia, na kazi yake ni ya vidole. Anasokota koili. Koili ni kijiwaya chembamba kilichozungushwa kama springi, urefu wake haufiki ukucha wa kidole kidogo. Hukaa ndani ya veipu, vile vifaa vya kuvuta mvuke, hasa vile ambavyo mwenyewe anafungua na kujitengenezea. Pamba yenye maji ya harufu hupitishwa katikati, waya unapata moto, mvuke unatoka. Hayo alinieleza yeye. Mimi sivuti, naye havuti.

Koili zake huuzwa kwenye duka la kijana mmoja anayeitwa Mawingu, ambaye amempa rafu nzima. Mawingu alishamwambia kwamba Ijumaa rafu ikiwa tupu, atampa fundi mwingine, na huyo mwingine alikuwa anapita pale kila siku kuulizia.

"Mwambie umevunjika mkono," nikamwambia.

"Akijua, Bibi, hasubiri. Rafu imekwenda." Akaniangalia vile anavyoniangalia akitaka kitu. "Wewe umeshona maisha yako yote. Mpaka leo unatunga sindano bila miwani."

"Natunga zangu na zako. Wewe hata ukiwa mzima, kushona kifungo kunakushinda."

"Basi nisaidie, mke mwenzangu."

Akiniita hivyo najua nimeshakubali.

Akanifundisha. Unashika ncha ya waya kwa kidole gumba juu ya kijiti cha chuma, unazungusha, kila mzunguko unalala ubavuni mwa mwenzake, usimpande wala usimkimbie. Waya wenyewe ni mkaidi, unataka kurudi ulikotoka. Za kwanza alizikataa zote.

"Hii imelewa, Bibi."

"Na hii?"

"Hiyo ina mimba."

Alipokwenda hospitali kuonyesha mkono, nilibaki peke yangu mezani na kikapu changu cha kushonea. Hapo ndipo kazi ikanyooka. Waya uliacha ukaidi, ukateleza vizuri kwenye kijiti, nikasokota moja baada ya nyingine nikiwaza mambo yangu. Aliporudi akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akazigeuza. Kisha akasema, "Mke mwenzangu, hizi zinapita zangu." Nikazifungia kwenye kopo.

Ijumaa akavaa koti kubwa la marehemu babu yake ili plasta isionekane. Nikamfuata nyuma na kopo ndani ya kikapu, maana yeye hakuweza kulifungua.

Duka la Mawingu ni chumba kimoja chenye kaunta ya kioo na taa nyeupe. Alinisalimia kwa heshima, akanivutia stuli. Akachukua koili moja kwa kibano, akaisifu, akaifunga kwenye kifaa chake cha kupimia, akabonyeza. Waya ukaanza kuwa mwekundu. Halafu ukatoa moshi, na duka zima likanuka mshumaa uliozimwa.

Mawingu akanusa. Akafunga nyingine. Mshumaa tena.

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu," mjukuu wangu akasema, na alikuwa anasema kweli.

"Hiki kitu mtu anakivutia kifuani. Mimi siuzi mishumaa." Akamsogezea waya na kijiti. "Sokota moja hapa nione."

Mkono ulibaki ndani ya koti. Mjukuu wangu akawa anasoma maandishi ya kwenye boksi lililokuwa ukutani.

"Amevunjika," nikasema. "Nimesokota mimi."

"Bibi ndiye fundi?"

"Ndiye aliyepo."

Akanisogezea mimi ule waya. Nikaweka kikapu magotini, nikakata kipande, na mkono ukaenda wenyewe chini ya vitambaa, ukatoka na kile kipande changu cha mshumaa, ukaupitisha waya juu yake, vuu, kama ninavyofanya kwa uzi ili usijifunge mafundo.

"Bibi!" mjukuu wangu akasema.

Nikautazama mkono. Kwenye mshumaa kulikuwa na mifereji mipana ya uzi, ya zamani, na mingine myembamba ya waya, mipya.

"Huo ni waya, Bibi," Mawingu akasema. "Hushoni suruali."

Akaninyang'anya mshumaa taratibu, akanipa kipande kingine cha waya. Nikasokota kikavu. Ukaidi ulirudi wote. Koili ilitoka imelewa, na mimba juu. Akaipima: ikawaka kuanzia katikati kwenda pembeni, bila moshi.

"Hii mbaya lakini safi," akasema. "Zile nzuri lakini chafu." Akamgeukia mjukuu wangu. "Kwa nini hukuniambia habari ya mkono?"

"Ungempa rafu yule mwingine."

Mawingu akafikiri. "Ningempa," akasema. "Haya. Zichomeni mpaka zisitoe moshi, mzioshe, mlete kabla sijafunga. Moja ikinuka, rafu si yako."

Mchana kutwa tulikuwa mezani. Mimi nilishika kibano, yeye alibonyeza kifaa alichotuazima Mawingu kwa mkono wa kushoto. Moshi, mshumaa, moshi, kisha wekundu mtupu, kisha maji, kitambaa, ya pili. Jirani akachungulia mlangoni.

"Umeme umekatika kwenu?"

"Haujakatika."

"Mbona mmewasha mishumaa jua lote hili?"

"Tumeizima," mjukuu wangu akamjibu.

Tulirudi dukani Mawingu akishusha bango la nje. Alichukua koili hapa na pale kwenye kopo, akapima, akanusa, akapima. Halafu akazipanga rafuni zote, akaweka ile iliyolewa mwisho kabisa, nyuma ya wenzake.

Nikaomba mshumaa wangu. Ulikuwa kwenye droo yake.

"Utauchukua, Bibi," akasema, akifunga droo, "siku plasta itakapotoka. Ijumaa ijayo nataka nzuri kama hizi, ila zisokotwe kikavu."